Nane Yenye Duara

Torvik, Minnesota
9 Aprili 1978

Mpwa wangu Maren,

Ukisikia huko Ohio kwamba mji wa Torvik bado upo kwenye ramani, ujue ni kwa sababu mjomba wako hajafa. Nasema hivi bila majivuno. Mizani ya ghala la nafaka haisomi sawasawa asipoigusa Orrin Skogstad. Timu yetu ya besiboli, Panzi, haijui kama imeshinda au imeshindwa mpaka Orrin Skogstad afunge daftari la mchezo. Na sasa, kama utakavyosoma, hata kanisa limenishika shati lisianguke.

Salamu kwanza. Mkaza mjomba wako Ardis hajambo, isipokuwa goti, ambalo hutabiri theluji kuliko redio. Juzi liliuma, jana theluji ikafika kizingitini, leo tumefanya mazoezi juu yake. Lyle Bratvold, yule wa ng'ombe wa maziwa, ndiye mrushaji wetu tena mwaka huu. Alirusha mpira mmoja kwa kasi hata theluji ikayeyuka pale ulipopita. Nimeupima mfereji wenyewe kwa hatua zangu. Mama yako Verna mzima, anasema ule.

Nakuandikia barua sikupigii simu, kwa sababu laini yetu bado ni ya nyumba nne, na Gladys Engen akiinua mkono wa simu kutusikiliza, mimi nasikia saa yake ya ukutani ikigonga. Jambo lenyewe ni la siri. Mchungaji Moen anastaafu Juni. Wazee wa kanisa wameandikia wachungaji wanne. Mmoja kauliza kama kuna hospitali karibu, wa pili kauliza kama upepo huwa unapumzika, wawili hawajauliza kitu. Ndipo katika kikao, watu wakiwa wameinamia vikombe, nikasimama nikasema: tunaye binti yetu, anamaliza chuo cha uchungaji Mei hii, kwa nini tunatafuta maji na mto unapita mlangoni? Jina lako likaandikwa.

Sasa usinielewe vibaya. Mimi si mtu wa mabadiliko. Tangu ligi moja kubwa ilipoleta ile sheria ya mpigaji wa badala, mtu anapiga mpira halafu anarudi kivulini kutafuna mbegu za alizeti huku wenzake wakidaka juani, nimekuwa nikisema: leo gongo, kesho madhabahu, keshokutwa watahamishia Jumapili kwenye Jumanne. Lakini hayo tutayaongea.

Wewe funga mikoba. Mengine niachie mimi.

Mjomba wako mwenye kubeba mengi,
Orrin


Chuoni, Ohio
28 Aprili 1978

Mjomba Orrin mpendwa,

Nimefurahi kusikia theluji imeyeyuka kwa heshima ya Lyle. Mimi ni mzima, nakula, mwambie Mama. Nimebakiza mitihani miwili, na Kiebrania kimeniacha na mvi tatu.

Mama naye ameniandikia kuhusu kikao kile. Anasema jina langu lilitajwa na yeye, na kwamba wakati huo wewe ulikuwa umekwenda kuongeza kahawa. Labda kulikuwa na vikao viwili.

Nashukuru hata hivyo, Mjomba. Nimesoma katiba ya usharika wetu. Mchungaji huitwa kwa kura za siri, na lazima apate theluthi mbili ya kura halali. Kwa hiyo nauliza swali dogo, unijibu kwa neno moja: siku ya kura, wewe utaandika Ndiyo au Hapana?

Msalimie mkaza mjomba na goti lake.

Maren


Torvik
21 Mei 1978

Mpwa wangu Maren,

Pole kwa kuchelewa. Barua yako ilifika siku nyingi, ila nilikuwa nashikilia mambo makubwa kwa mikono miwili, sikuwa na wa tatu wa kushika kalamu. Ardis amepanda viazi. Mama yako amepaka rangi kibaraza, rangi ya haradali, majirani wanasali. Panzi tumecheza mara nne, tumeshinda tatu. Ule wa nne mwamuzi alikuwa shemeji yao.

Nimekupigia kampeni kwenye meza ya kahawa pale ghalani. Unaijua ile meza, wazee sita, vikombe sita, na maamuzi yote ya kaunti hii hutokea pale kabla hayajafika kwa watu waliochaguliwa. Palmer Engen akaanza, akasema yeye hana neno na wanawake, ila sauti ya mwanamke haitafika benchi la nyuma. Nikamwambia, Palmer, sauti ya Gladys wako inafika kaunti ya pili hata simu ikiwa imekatwa. Meza ikacheka mpaka sukari ikamwagika. Palmer mwenyewe alicheka, maana ni kweli.

Kisha nikawapa somo. Nikawaambia kinachoharibu siasa za nchi hii, chama chao na chama chetu, ni kwamba wanasiasa hawana karani. Mchezaji wa Panzi akiangusha mpira, mimi naandika kosa. Kwa wino, maana kalamu ya risasi ni ya watu wasioamini macho yao. Linatundikwa ubaoni, mama yake analiona, mchumba wake analiona. Na raundi inayofuata kijana yule anarudi kusimama pale pale alipokosea, na mpira wa kwanza unakwenda kwake. Mbunge akiangusha mpira anaunda kamati ya kuuchunguza mpira. Nikawaambia, na hiyo ndiyo dini yangu yote: kosa lako limeandikwa, kila mtu kaliona, haya, chukua glavu urudi uwanjani.

Na mimi siombi Mungu Panzi washinde. Huo ni utoto. Ninaomba tu jua limwingie machoni mlinzi wao wa katikati. Mengine tunajifanyia.

Hapo Palmer akanigeukia akasema, "We Orrin, umeongea sana. Kura yako wewe ni ipi?" Nikataka kumjibu, lakini nikakumbuka kuna lori la mahindi linanisubiri kwenye mizani.

Mjomba wako, mwenye kampeni,
Orrin


Chuoni, Ohio
19 Juni 1978

Mjomba Orrin mpendwa,

Nimemaliza. Nina cheti, nina joho, nina kola nyeupe inayonikaba kama mbwa mgeni. Mwambie mkaza mjomba picha zinakuja.

Mjomba, nimekulia Torvik. Hakuna anayeleta mahindi ghalani mwezi Mei, ndiyo kwanza yanapandwa.

Ngoja nikueleze hali yangu ilivyo, kwa sababu Mama sijamwambia yote. Sharika mbili zimekwisha kunikataa. Ya kwanza walinipa chakula kizuri, wakanisifia viatu, wakasema hapana. Ya pili hawakufungua hata bahasha, nilirudishiwa ikiwa na gundi yake. Torvik ikinikataa, watu wanaonijua tangu meno ya kwanza, hakuna mwingine atakayethubutu. Askofu ameniambia kwa upole kwamba ofisini kwake kuna kazi ya kupanga mafaili.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka tisa, ukaniweka kando yako kwenye kile kibanda cha karani? Ulinifundisha namba za walinzi wote. Ulinifundisha kwamba mpira wa juu ukidakwa na mlinzi wa katikati, unaandika nane na kuizungushia duara. Siku ile mpira ulimponyoka binamu Dale, mwanao, na nilitaka kuandika pigo safi la mpinzani, si kosa lake, ili asiaibike. Ulinishika mkono ukasema, "Andika ulichoona, si ulichotamani." Nimekaa na maneno hayo kuliko Kiebrania chote.

Tarehe 2 Julai nitakuja kuhubiri mbele yenu, ndivyo utaratibu ulivyo. Kile ulichosema kuhusu kosa na glavu nitakiiba. Na swali langu bado lipo pale pale.

Maren


Torvik
17 Julai 1978

Mpwa wangu Maren,

Tangu uondoke watu hawana habari nyingine. Ardis anakusalimu, mama yako anatembea mjini kama mtu aliyemzaa rais. Binamu yako Dale amenunua gongo jipya, na amepiga nalo mpira uliovuka uzio, ukavuka reli, ukatua kwenye behewa la mizigo, kwa hiyo mpira ule kwa sasa umefika Seattle.

Mahubiri yako yalifika benchi la nyuma. Nimethibitisha, maana ndiko ninakoketi. Ulipofika kwenye lile neno la glavu, Lyle Bratvold alijipangusa macho akasema ni vumbi la ng'ombe. Gladys Engen alikatikiwa na kiatu kwa kusimama upesi. Nimewaambia watu wote lile neno ni langu, lakini nimewaambia kwa unyenyekevu.

Sasa habari ngumu. Baraza limepanga kura iwe Jumapili ya tarehe 13 Agosti baada ya ibada, kwa sababu ndiyo siku pekee mjumbe wa askofu, Mchungaji Nygaard, anaweza kufika. Na tarehe 13 Agosti, saa sita na nusu mchana, Panzi wanacheza fainali ya wilaya kule Elk Ford, maili tisini kutoka hapa. Vijana wote wa timu watakuwa huko, na wale walikuwa kura zako. Nimehesabu benchi kwa benchi, kama ninavyohesabu wachezaji. Itakuwa nyembamba kama chapati za viazi za bibi yako.

Kwa hiyo nimejitoa mhanga. Miaka ishirini na miwili sijakosa mchezo hata mmoja. Niliandika nikiwa na homa, niliandika siku radi ilipopiga nguzo na kalamu ikatoa cheche. Lakini siku hiyo nitabaki Torvik, niketi ndani ya kanisa, nisimame, niseme, nipige kura. Mwenzako akikufanyia hivi unamwita nani? Basi.

Kuhusu lile swali lako, nimeishiwa karatasi.

Orrin


Torvik
14 Agosti 1978

MCHUNGAJI wangu Maren,

Umeliona neno la kwanza? Lisome tena, mimi nimeliandika mara nne kabla ya kuliandika hapa.

Hamsini na sita kwa ishirini na nane! Najua mama yako amekwisha kukupigia simu na Gladys amekwisha kusikiliza, lakini hakuna anayejua kilichotokea kama mimi. Nilisimama mbele ya mkutano nikaongea dakika arobaini bila kumeza mate. Niligusa Maandiko, nikagusa katiba ya nchi, nikagusa fainali ya mwaka hamsini na tisa. Wanawake walilia. Mchungaji Nygaard alitoa kalamu akaanza kuninakili.

Sasa piga hesabu, wewe uliyesoma. Kura halali themanini na nne. Theluthi mbili yake ni hamsini na sita. Umepata hamsini na sita, kamili, haikuzidi hata kope. Ingepungua moja tu ungekuwa unapanga mafaili. Maana yake ni nini? Kila aliyepiga Ndiyo anaweza kusema ni yeye aliyekuvusha, lakini mjini tunajua ni nani.

Panzi nao wameshinda, mbili kwa bila. Tunakwenda mashindano ya jimbo. Nimekula vipande saba vya keki.

Mjomba wako, mtengeneza wachungaji,
Orrin


Chuoni, Ohio
25 Agosti 1978

Mjomba Orrin mpendwa,

Nimecheka, nimelia, nimemkumbatia mpishi wa chuo ambaye simjui jina. Naja. Ibada ya kuingizwa kazini ni tarehe 24 Septemba, nitafika wiki moja kabla. Mwambie mkaza mjomba asisumbuke na chumba. Najua atasumbuka.

Mama ameniandikia kurasa sita. Hotuba yako haimo. Anasema tangu ibada ilipokwisha mpaka kura zilipohesabiwa, wewe ulikuwa nje ndani ya pikapu yako, mguu mmoja umening'inia mlangoni, na kwamba ilibidi sahani ya sadaka, iliyokuwa ikikusanya kura, ipelekwe kwako kama chakula cha mfungwa.

Anasema pia kulikuwa na kura ya themanini na tano, iliyoharibika. Palmer aliifungua, akaigeuza juu chini, akasoma kwa sauti: "Nane." Gladys akauliza kama mtu anaweza kupiga kura mara nane. Mama anasema hiyo nane ilikuwa na duara, na hakuna aliyejua maana yake, wakaitupa.

Mama hajawahi kuketi kwenye kibanda cha karani. Mimi nimeketi.

Sikudai chochote, Mjomba. Nimepita, na nitakuzika kwa heshima siku yako ikifika. Lakini nitasimama mbele yako kila Jumapili, na wewe utakuwa benchi la nyuma, na ningependa kujua ni nani anayenitazama. Nane yenye duara si Ndiyo wala si Hapana. Ulitaka kuandika nini?

Maren


Torvik
6 Septemba 1978

Mpwa wangu Maren,

Salamu kwanza, maana hata mtu anayepelekwa kunyongwa husalimia. Ardis ameshafua mapazia ya chumba chako mara mbili. Goti limetulia. Mama yako, dada yangu ninayempenda na ninayemwogopa kama mwandishi wa habari, mzima.

Hotuba haikuwepo. Nilikuwa nayo kichwani, nzuri sana, na dakika arobaini ni makadirio ya chini. Lakini Nygaard alianza kusoma katiba kifungu kwa kifungu, na vifungu vilipozidi kumi na viwili nikatoka kuangalia kama nimefunga madirisha ya pikapu. Nilipokaa tu, redio ikajiwasha.

Raundi ya sita, Maren. Na Lyle Bratvold hajapigwa hata pigo moja safi, kila mpira wake umekosewa au umedakwa.

Unaijua sheria yetu, nilikufundisha mwenyewe. Mrushaji akiwa katika hali ile, ambayo wengi hawaipati maisha yao yote, hulitaji jambo hilo kwa mdomo, hubanduki ulipokaa, hubadilishi mguu. Ulivyokutwa ndivyo unavyobaki mpaka mwisho, la sivyo umemvunjia mwenzako bahati. Mimi nilikutwa na mguu wa kushoto juu ya dashibodi, wa kulia nje ya mlango, kofia imegeuka nyuma, na nusu kipande cha keki ya limau mkononi. Nikavuta daftari kwa kiwiko, nikaanza kuandika mchezo kutoka redioni.

Ardis akaja. "Orrin, wanaanza kupiga kura."

"Siwezi kuja."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Mguu umekufa ganzi?"

"Bado. Utakufa."

Akaiinamia redio, akasikiliza. Tumeoana miaka thelathini na moja. Akafunga midomo yake kwa vidole viwili, akarudi ndani bila neno. Huyo ndiye mwanamke.

Nikasikia kelele kanisani, maana Palmer alikuwa anadai kura lazima ipigwe ndani ya kanisa, na mama yako anadai kiwanja cha magari kilinunuliwa na usharika mwaka hamsini na moja, kwa hiyo kiwanja ni kanisa. Nygaard akafungua vifungu vyake akakubaliana na mama yako. Basi wakaja wote wawili, Palmer na sahani, Nygaard nyuma yake kulinda sheria. Palmer akanipa kikaratasi, akasimama dirishani kwangu na sahani yake.

Sasa nitakwambia kitu ambacho meza ya kahawa haijui. Miezi minne ulikuwa unaniuliza neno moja, na miezi minne neno lenyewe nilikuwa nalo. Tangu siku wewe mdogo ulipomwandikia Dale lile kosa, machozi yakikutoka lakini umeandika, nilijua hakuna mtu mwaminifu kuliko wewe katika kaunti hii. Lakini nilikuwa naogopa. Mtu wa miaka hamsini na nne, anaogopa wazee sita wenye vikombe. Niliogopa waniulize yale makelele yangu dhidi ya mpigaji wa badala yamekwenda wapi. Sasa nipo kwenye pikapu, peke yangu, siwezi kubanduka, na Palmer ametazama pembeni kama inavyotakiwa. Nikasema moyoni, Orrin, andika ulichoona.

Na dakika ile ile, raundi ya tisa, ya mwisho, mtu wao wa kwanza akapiga mpira juu, juu kabisa, mtangazaji akaanza kupiga kelele. Mlinzi wetu wa katikati akakimbia, akadaka. Mimi nina kalamu moja, kikaratasi juu ya goti, daftari juu ya kikaratasi, keki mkono wa pili. Nikaandika mara mbili, haraka, kwa wino. Nikakunja, nikatia kwenye sahani. Nikajisifu, nikamwambia Mungu asante.

Hapo Nygaard akainama dirishani, uso umejaa wema, akasema, "Naona kijana wenu hajapigwa hata mara moja."

Palmer alivua kofia kama yuko msibani. Mpira uliofuata ulipigwa katikati ya walinzi wawili, pigo safi, hakuna karani duniani angeweza kuliita kosa. Lyle akawamaliza waliobaki, tukashinda, lakini ile heshima ilikwisha palepale. Nimemsamehe Nygaard. Alikulia kwenye mpira wa magongo wa barafuni, hakufundishwa.

Ardis aliporudi kunipa matokeo, nilipiga honi mpaka betri ikafa. Ndipo akanieleza na habari ya kura yenye nane, akinitazama kwa jicho moja. Nikasema, watu wengine hawana elimu. Sikuelewa, Maren. Naapa nilikuwa bado sijaelewa. Jumatatu asubuhi nikakuandikia ile barua ya mtengeneza wachungaji nikiamini kila neno, ukiondoa hotuba.

Jumanne nikapeleka daftari kwa katibu wa ligi, maana timu inayokwenda jimbo lazima daftari lake likaguliwe. Jioni akanirudishia mwenyewe. Akaniuliza kwa heshima, "Orrin, miaka ishirini na miwili nasoma maandishi yako. Huu ni mchezo gani?"

Nimekata ukurasa, nimeutia humu ndani ya bahasha. Panzi hawajawahi kukatiwa ukurasa, na daftari ni mali ya mji, kwa hiyo uufiche. Tazama raundi ya tisa, mpigaji wa kwanza, kile kisanduku ambacho kingepaswa kuwa na nane yenye duara. Imeandikwa NDIYO. Kwa wino, herufi kubwa, na mafuta ya keki pembeni. Haifutiki, nimejaribu.

Kwa hiyo wewe ni mchungaji wetu kwa kura hamsini na sita, mpwa wangu, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo yangu.

Mjomba wako,
Orrin